Bei ya Samaki wa Ngassa

Samaki wa mapambo mimi nampa bei kwa kumtazama akila. Mtu akiniletea samaki kwenye ndoo, akaanza mkubwa huyu, mrembo huyu, namwambia aweke chakula kwanza, maneno baadaye. Samaki mgonjwa huja kwa adabu, hukigusa chakula, hurudi nyuma. Samaki mzima hana adabu hata kidogo. Baada ya hapo ndipo naangalia macho, mapezi, magamba na mashavu, halafu nataja bei, na nikishaitaja siibadilishi. Kazi hii nimeifanya miaka kumi hapa Kambarage, Shinyanga mjini, na wenye hoteli na wenye nyumba za maana kutoka huku mpaka Geita, wakitaka kuuziana samaki, hunipigia mimi Generosa niwaamue. Wanasema nina mdomo. Ninao, na ndio unaonilisha.

Mwezi wa saba alinipigia mwanamke wa Kahama. Akasema anaitwa Mama Kudra, anakaa Nyasubi, ana oska mmoja aliyeachiwa na marehemu mumewe, na anataka kuambiwa bei yake ya haki. Nikamwambia ampige picha anitumie. Akasema picha haitoshi, niende mwenyewe, nauli atatuma. Nikauliza kama mnunuzi yupo. Yupo. Ametaja ngapi? Akasema milioni nane.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Oska ni samaki mzuri, mnene, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya moto, lakini hata awe mkubwa kabisa na asiye na dosari, nikimuuza laki mbili siku hiyo nyumbani kwangu tunakula kuku. Nikamwambia, mama, mtu akikutajia milioni nane usiite mthamini, mwite mwenyewe alete hela kabla pombe haijamtoka. Yeye hakucheka. Akasema, "Hajalewa. Ndiyo maana nakuita."

Nilikwenda Jumamosi. Bodaboda niliyempanda stendi ya Kahama alikuwa na maneno mengi njia nzima, lakini tulipokaribia, nilipomtajia kwa marehemu Ngassa, maneno yakamwisha. Akanishusha kwenye kona, geti jekundu linaonekana kule mbele mita kama mia. Nikamuuliza kama pikipiki imeishiwa mafuta. Akasema dada, mimi nina watoto wadogo, akageuza. Nikatembea juani na begi langu, nikimtukana kimoyomoyo.

Nyumba ilikuwa kubwa, tailizi mpaka barazani, ila haikuwa na sauti ya mtu. Mama Kudra alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, amejifunga khanga mbili. Akaniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba ingawa hatupishani sana. Sebuleni makochi yalikuwa yamefunikwa mashuka. Ukutani lilikuwepo tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, pampu yake inagugumia, na pembeni betri ya sola na jenereta dogo vimewekwa tayari kwa siku ya umeme kukatika. Samaki alikuwa peke yake humo. Mama Kudra akaniambia ile pampu haijawahi kunyamaza saa nzima kwa miaka minane. Mumewe alipokuwa hai alikuwa akiamka yeye kuiangalia, na tangu afe anaamka mwenyewe.

Nikamuuliza anaogopa nini, samaki akifa si anakufa tu.

"Siogopi afe," akasema. "Naogopa niwe nimemuua mimi."

Kwa asiyejua mambo ya huku, nieleze. Mtu akitajirika ghafla machimboni, watu hawaulizi amechimba wapi, wanauliza amemtoa nani. Hiyo ndiyo ndagu. Wanasema unakwenda kwa mganga, unapewa sharti, unamtoa kafara mtu wa damu yako, na roho yake inawekwa ndani ya kitu utakachokifuga nyumbani. Kuna wanaosingiziwa nyoka, kuna wanaosingiziwa paka. Mimi ni Mkatoliki wa Bukoba na sikubali mambo hayo, lakini nimekaa huku vya kutosha kujua kwamba anayesingiziwa hapati hata wa kumwazima chumvi.

Ngassa alikuwa mchimbaji wa kawaida upande wa Geita, wa kushika sururu kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya wenzake. Miaka minane iliyopita mkewe, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Zipora, alikwenda kwao Songwa kwenye msiba wa shangazi yake, akakaa siku nne. Mtoto wao wa pekee, Kudra, msichana wa miaka minne, wa kuumwaumwa tangu azaliwe, akabaki na baba yake. Zipora aliporudi akakuta samaki kwenye beseni, mdogo kama kidole. Miezi mitatu baadaye Kudra akafa. Wiki mbili baada ya kumzika, duara ambalo Ngassa alikuwa amepewa hisa likatema dhahabu, akapata hela ya kujenga nyumba hii, na majirani wakajumlisha wenyewe.

Ngassa alikataa. Alikataa kwa wazee, alikataa kanisani, alikataa kitandani kwa mkewe mpaka akalia. Mwaka jana kifusi kilimfukia huko huko machimboni. Zipora akaniambia kwamba mchana alikuwa akimwamini na usiku hamwamini, na kwamba hali hiyo haijabadilika hata baada ya kumzika. Kuna siku anamlisha yule samaki akijua ni samaki. Kuna siku anajikuta anamwita mwanangu, kisha anaona aibu, anaondoka sebuleni.

Sasa amekuja huyo mnunuzi, Thobias, mwenye duara ambalo halijatema kitu miaka miwili. Amekuja na milioni nane.

"Nazitaka, nani hazitaki," Zipora akasema. "Lakini nikizipokea nimekubali kwamba Ngassa alimuua mwanangu, na mimi namuuza mara ya pili. Wewe huna upande. Niambie bei yake. Kama bei yake ni ya samaki, basi ni samaki, na mume wangu alikuwa mtu. Nitamuuza kwa bei hiyohiyo, nilale usingizi."

Nikaona hiyo kazi naiweza. Nikaomba chakula, akaleta vipande vya moyo wa ng'ombe kwenye sahani. Samaki akaja kwa fujo, akameza, akarusha maji mpaka kwenye blauzi yangu. Mzima kabisa. Halafu akasogea kwenye kioo, akalala ubavu kidogo, akanitazama kwa jicho moja. Nikamwambia Zipora asitishike, oska wote wako hivyo, wanamjua mtu, hata dukani kwangu wapo watatu wanaonifuata kwa macho nikifagia. Nilichomwambia ni kweli. Ila wale wa dukani sijawahi kuwapa kisogo nikasikia shingo inapoa, na siku ile ilipoa.

Nikazunguka nimtazame upande wa kushoto. Kile kifuniko cha shavu, kinachofunguka na kujifunga anapopumua, kilikuwa kimejikunja ukingoni, nyama nyekundu inachungulia. Hiyo ni dosari ya utotoni, haiponi, na inashusha bei. Na nilikuwa naijua. Mwaka wangu wa pili Shinyanga nililetewa oska ishirini kutoka Mwanza, mmoja shavu la kushoto limejikunja hivyohivyo. Hakuna aliyemtaka, nikawa nimeamua kumtupa. Akaja mwanaume mwenye kofia ya sweta, akamnyooshea kidole huyohuyo. Bei yake ilikuwa elfu tano, tena kwa kuhurumiana. Nikataja elfu sitini nikitegemea tutavutana mpaka kumi. Akaweka mezani noti sita za elfu kumikumi, akachukua samaki wake kwenye mfuko, akaenda zake. Nilimcheka wiki nzima.

Sikumwambia Zipora. Aibu ilinipanda, na nilidhani ni aibu ya kumpiga mtu bei, basi. Nikasema kwa sauti ya kazi: kwa umri wake, kwa rangi na kwa anavyokula, angefika laki mbili. Kwa lile shavu, laki moja na nusu.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akavuta pumzi ndefu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaniletea chai na karanga, akampigia Thobias aje.

Thobias alikuja kabla sijamaliza kikombe. Mtu mrefu, mpole, viatu vina vumbi jeupe la karasha la kusagia mawe. Akatusalimia Kisukuma, mwadila mayu, za mchana mama, akachagua kochi ambalo ukikaa hulioni tangi. Zipora akamwambia mthamini ameshasema, ni laki moja na nusu, atoe hela amchukue. Nilitegemea afurahi. Mtu ameokoa zaidi ya milioni saba, hata mimi ningepiga kigelegele. Yeye akaniangalia kama niliyemmwagia mchanga kwenye ugali wake.

"Mayu, kitu kama hiki hakipatanwi bei," akamwambia Zipora, wala si mimi. "Ukikipunguza hata shilingi, kinakufia mkononi. Anayetumwa na mganga analipa anachotajiwa, anaondoka. Mimi mganga alishanitajia milioni nane. Kwa laki na nusu utakuwa umeniuzia samaki."

Zipora akamwambia hicho ndicho anachouza. Thobias akatikisa kichwa, akasema yuko gesti ya karibu na soko mpaka jioni, akibadili mawazo apige simu. Akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni.

Zipora alikuwa kama aliyetuliwa mzigo. Akaniambia umemsikia, hataki samaki, anataka kitu ambacho mimi sina. Akachukua sahani akamwongezea oska vipande viwili, akimwambia kula, kula na shavu lako bovu. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe mkononi, chai imepoa. Anayetumwa na mganga analipa anachotajiwa, anaondoka. Ule mwaka wa pili nilikuwa mgeni, sikujua desturi hiyo. Mwanaume mwenye kofia ya sweta, elfu sitini kwa samaki wa elfu tano, hakuomba nipunguze hata mia.

Nikatamani kuaga. Nikashika begi. Zipora akaweka sahani chini, akaja kukaa karibu yangu, magoti yetu karibu yagusane.

"Sikukuita kwa ajili ya bei peke yake," akasema. "Ngassa aliniambia alimnunua kwa Mhaya mmoja wa Kambarage mwenye mdomo. Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Siku ile alikuja na nani?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Sikumbuki. Nakumbuka kofia kwa sababu kulikuwa na joto, na nakumbuka noti, mpya, moja ina alama ya wino pembeni. Kuanzia alipoziweka mezani mpaka alipotoka, macho yangu hayakwenda kwingine. Angekuja na mtoto, angekuja na mganga mwenyewe amebeba kibuyu, nisingejua. Ningesema hivyo tu, na leo ningelala. Lakini yule mwanamke alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe, na mimi nilikuwa nimebeba elfu sitini zisizopatanwa bei, nikaogopa swali linalofuata. Nikaona nimpe kitu kabla hajafika huko.

"Alikuja na mtoto," nikasema.

Aliteremka kutoka kwenye kochi akakaa sakafuni. Akafunika uso kwa ncha ya khanga. Alipoweza kusema akaniambia hivyo ndivyo Ngassa alivyomweleza miaka yote ile: kwamba siku ile alimpeleka Kudra mjini, kwamba mtoto ndiye aliyemchagua samaki, akang'ang'ania huyohuyo mbovu, na yeye akalipa bei aliyotajiwa bila kubishana kwa sababu mtoto alikuwa anacheka, na si kawaida yake kucheka, akaogopa kuivunja ile furaha kwa maneno ya hela. "Miaka saba ananiambia, mimi namsikia simsikii," akasema. "Nimemwacha akafa hivyohivyo."

Moyo wangu ukashuka mahali pake. Kumbe ndivyo. Kumbe baba wa watu alikuwa na mtoto mgonjwa, akaona afadhali aibiwe kuliko abishane. Nilifurahi kweli, si kwa kuigiza. Nilimwamini Ngassa palepale kuliko mkewe alivyowahi kumwamini. Na ningenyamaza hapo. Kila siku ninajiuliza ilikuwa shida gani kunyamaza hapo.

Lakini alinishika mkono, akasema nimwambie zaidi, nimwambie alivyokuwa siku hiyo. Nani angemnyima? Nikamwambia namkumbuka vizuri sana. Nikamwambia baba yake alimshika mkono wakaingia, mtoto akachomoka, akakimbilia kwenye vioo vya nyuma.

"Akakimbia?"

"Akakimbia," nikasema. "Mpaka baba yake akamwambia polepole, utaanguka."

Mkono wake ukaniachia. Hakuuvuta, ulilegea tu, akauweka mapajani.

"Kudra hakuwahi kusimama," akasema. "Miguu yake haikuwa na nguvu tangu nilipomzaa. Alikuwa anabebwa."

Nilisema yote basi. Nilisema nimedanganya, sikumbuki mtoto wala mtu, nilikuwa naangalia hela, nilimtajia elfu sitini kwa samaki wa kutupwa na ndizo nilizoziona, kwa hiyo huenda mtoto alikuwepo, huenda alimbeba, Ngassa alisema kweli, mimi ndiye mwongo na siyo yeye. Nililia, nikapiga magoti mbele ya mwanamke niliyemjua tangu asubuhi. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, bila hasira. Hasira ningeiweza.

"Kwa hiyo hakubishana bei," akasema. "Na mtoto hukumwona."

"Sikuangalia, Mama Kudra. Sikuangalia kabisa."

"Ungekuwa ulimwona ungesema alibebwa."

Akainuka, akachukua simu juu ya kabati, akampigia Thobias. Akasema maneno matatu, njoo na hela.

Nilimfunga yule samaki mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua. Mfuko mzito, mmoja ndani ya mwingine, maji theluthi, hewa iliyobaki, mpira mara tatu. Maji yakamwagika kwenye zile tailizi. Thobias aliweka mfuko wa kaki mezani, Zipora hakuufungua. Thobias akampokea samaki kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni, akatoka bila kuaga, kama sharti linavyotaka. Nilimwambia Zipora kwa mara ya mwisho kwamba nimeona dosari ile kwa macho yangu, yule ni oska wa laki na nusu, nitakwenda kuapa popote atakapo. Akasema anajua. Halafu akasema alikuwa ameshaongea na fundi amjengee Ngassa kaburi mwezi wa tisa, la tailizi, lenye jina. Hatalijenga.

Akanisindikiza mpaka getini kwa heshima zote, akanilipa nauli ya kurudi, na mimi nikaipokea.

Nimeshawaambia wanaonipigia kwamba sithamini tena samaki wa mtu. Nauza wangu tu. Ila kazi yenyewe haijaniacha, maana kila siku nikiwa dukani namwingiza tena yule mwanaume mwenye kofia ya sweta. Namweka mlangoni, namleta mpaka mezani, namwona anainama, ananyoosha kidole. Namtazama mgongoni. Mwanaume kubeba mtoto wa miaka minne mgongoni, mjini, saa sita mchana, ni kitu ambacho Kambarage nzima ingegeuka kutazama. Mimi nilikuwa nahesabu noti.